Usahaulifu wa uzeeni: Kinga yake huanza ukiwa na miaka 40

UKIINGIA chumbani kisha ukasimama katikati ukijiuliza umefuata nini, usishtuke. Jambo hilo humpata mwanafunzi wa chuo kikuu kama linavyompata mzee wa miaka 70. Lakini kuna kusahau kwa namna nyingine. Ni pale mtu anapopotea njia ya kurudi katika nyumba aliyoishi kwa miaka 30, au anapomtazama mwanawe wa kumzaa na kumwuliza yeye ni nani. Huko si kusahau kwa kawaida. Ni ugonjwa, na kama ugonjwa mwingine wowote, una vyanzo vyake.

Wengi wetu tunapomwona mzazi ameanza kusahau husema, "Ni uzee tu, amerudi utotoni," na mambo yakaishia hapo. Msemo huo una madhara mawili. Kwanza, huwanyima wazee matibabu ambayo wangeyapata. Pili, huwafanya walio na umri wa miaka 40 na 50 waamini kwamba usahaulifu ni zamu itakayowafikia tu, wapende wasipende, na kwa hivyo hawana la kufanya.

Wataalamu wanasema lipo la kufanya. Mwaka wa 2024, tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la utabibu la Lancet, ikiongozwa na Profesa Gill Livingston wa University College London, ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tume hiyo ilikadiria kwamba lau mambo hayo yote yangeondolewa, karibu visa 45 kati ya kila 100 vya ugonjwa huo vingezuiwa au kucheleweshwa. Vinavyosalia hutokana na mambo ambayo kwa sasa hatuna uwezo nayo, kama vile umri wenyewe na maumbile tuliyorithi kwa wazazi.

La kutia maanani ni kwamba mengi kati ya mambo hayo hufanya uharibifu wake mtu akiwa bado kazini, miaka 20 hata 30 kabla ya dalili kuonekana. Kwa hivyo makala haya yanakuhusu wewe uliye na miaka 45 sawasawa na yanavyomhusu mama yako aliye na miaka 75.

UBONGO UNAPOZEEKA

Ubongo, kama magoti na macho, hubadilika kadiri umri unavyosonga. Mtu wa miaka 65 huchukua muda zaidi kulikumbuka jina, na humwia vigumu kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, lugha yake, ujuzi wa kazi yake na busara yake havipungui kwa urahisi. Ndiyo maana wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno.

Ugonjwa ni jambo tofauti. Madaktari huuita dimenshia, jina linalojumuisha maradhi kadhaa yanayoharibu kumbukumbu, fikira na tabia mpaka mtu akashindwa kujitegemea. Ulioenea zaidi ni Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1906. Katika ugonjwa huu, protini zisizotakiwa hujikusanya ndani ya ubongo na chembe zake zikaanza kufa. Aghalabu uharibifu huanzia karibu na sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuyahifadhi mambo mapya. Hii ndiyo sababu mgonjwa anaweza kukusimulia harusi yake ya mwaka wa 1968 bila kukosea, lakini asikumbuke kama amekula chakula cha mchana.

Aina ya pili hutokana na mishipa ya damu. Mishipa ya ubongo inapoziba au kupasuka, sehemu za ubongo hukosa damu na kufa. Wakati mwingine hilo hutokea kwa kiharusi kikubwa kinachoonekana na kila mtu. Wakati mwingine hutokea kwa viharusi vidogo vidogo ambavyo hata mgonjwa mwenyewe havitambui. Wazee wengi huwa na aina zote mbili kwa pamoja.

Hili si tatizo la Wazungu peke yao, kama wengine wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za mapato ya chini na ya kadiri. Hapa Kenya, sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kadiri tunavyoishi miaka mingi, ndivyo familia nyingi zitakavyokutana na ugonjwa huu.

UTAJUAJE TOFAUTI?

Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida. Kuziona funguo mkononi na kutojua ni za kazi gani si kawaida. Kusahau jina la jirani kisha ukalikumbuka usiku ni kawaida. Kumsahau jirani mwenyewe si kawaida. Kukosea namba ya siri ya M-Pesa mara moja si kitu. Lakini mama aliyekuwa hodari wa biashara sokoni akianza kushindwa kurudisha chenji, au akituma pesa zile zile mara tatu kwa sababu hakumbuki kwamba alikwisha kutuma, mpeleke kwa daktari.

Dalili nyingine ni kuuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache, kupotea katika mtaa anaoujua, kuviweka vitu mahali pasipofaa, mathalani kutia viatu ndani ya friji, na kubadilika tabia. Mtu mpole huweza kuwa mkali, na mtu mcheshi akajitenga na wenzake.

PRESHA NA SUKARI

Ikiwa utafanya jambo moja tu baada ya kusoma makala haya, basi liwe ni kupima shinikizo la damu. Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, kuta za mishipa midogo ya ubongo huwa nene na ngumu, na njia ya damu hupungua. Mtu hasikii maumivu yoyote. Huendelea na kazi zake, akidhani yu mzima.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wote waliohojiwa walisema hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Ilhali kupima ni kazi ya dakika tano, na hufanywa katika zahanati, kituo cha afya na maduka mengi ya dawa.

Matibabu yake yanasaidia kumbukumbu pia. Matokeo ya uchunguzi mmoja wa Marekani yaliyotangazwa mwaka wa 2019, uliohusisha zaidi ya watu 9,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, yalionyesha kwamba wale walioteremshwa presha mpaka chini ya 120 walipata upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa uchache zaidi, karibu moja kwa tano, kuliko wale walioachwa kwenye kipimo cha chini ya 140. Hata hivyo, usijiongezee wala kujipunguzia dawa kwa sababu umesoma gazeti. Kipimo kinachokufaa wewe atakuambia daktari wako.

Ugonjwa wa kisukari nao huharibu mishipa hiyo hiyo. Mafuta mabaya katika damu, yaani kolesteroli, yamo pia katika orodha ya tume ya Lancet, na yalipewa uzito mkubwa. Kwa hivyo ukienda kupima presha, omba pia upimwe sukari na mafuta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASIKIO NA MACHO

Wengi watashangaa kusikia kwamba masikio yana uhusiano na kumbukumbu. Katika orodha hiyo ya mambo 14, kupungua kwa uwezo wa kusikia ni mojawapo ya mawili yaliyopewa uzito mkubwa kuliko yote, jingine likiwa kolesteroli. Mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi za ubongo kubahatisha yanayosemwa, na hubakiwa na kidogo cha kuyaweka akilini. Mwishowe huchoka, akaanza kukwepa mazungumzo na mikutano.

Mwaka wa 2023, watafiti nchini Marekani walitangaza matokeo ya kuwapa wazee wenye umri kati ya miaka 70 na 84 vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa wazee waliokuwa na afya nzuri, haikuonekana tofauti ya maana. Lakini kwa wale waliokuwa katika hatari zaidi, kasi ya kudhoofika kwa akili ilipungua kwa karibu nusu katika miaka mitatu.

Macho nayo ni vivyo hivyo. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji mfupi. Mzee anayeacha kusoma na kutembea kwa sababu haoni hujifungia mlango wa mambo yanayouchangamsha ubongo.

MWENDO, USINGIZI NA CHAKULA

Mazoezi ya mwili ni mazoezi ya ubongo. Mwaka wa 2011, watafiti wa Marekani waliwagawa watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80 katika vikundi viwili. Kikundi kimoja kilitembea dakika 40, mara tatu kwa juma, na kingine kilijinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, ile sehemu iitwayo hipokampasi ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wenzao ilikuwa imepungua.

Huhitaji kujiunga na klabu ya mazoezi ya kulipia. WHO inapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kila wiki. Shuka kwenye matatu kituo kimoja au viwili kabla ya kwako utembee. Panda ngazi badala ya lifti.

Usingizi nao usiudharau. Uchunguzi uliofuatilia karibu watumishi 8,000 wa serikali ya Uingereza kwa miaka mingi, na kutangazwa mwaka wa 2021, ulionyesha kwamba waliolala saa sita au chini ya hapo walipokuwa na miaka 50 na 60 walipatwa na dimenshia zaidi ya wale waliolala saa saba. Anayeamka saa kumi alfajiri kuikimbia foleni ya magari na kulala saa sita usiku akitazama simu ajiulize ubongo wake unapumzika lini. Nawe unayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, mwone daktari.

Kuhusu chakula, habari njema ni kwamba kilicho bora si cha bei ghali. Sukuma wiki, managu, terere, kunde, maharagwe, njugu, matunda, samaki na omena vinafaa mishipa ya damu, na kinachoifaa mishipa huufaa ubongo. Punguza chipsi, soda na chumvi. Chumvi ya siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika mkate na soseji, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Jihadhari pia na wanaouza vidonge vya "kuamsha kumbukumbu" kwa maelfu ya shilingi. Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2019 haupendekezi vidonge vya vitamini B, vitamini E wala mafuta ya samaki kwa ajili ya kuzuia dimenshia. Pesa hizo nunua samaki mwenyewe.

POMBE, SIGARA NA AJALI

Pombe nyingi huudhuru ubongo kwa njia mbili. Yenyewe huua chembe za ubongo, na tena humfanya mlevi akose vitamini B1, ambayo bila yake uwezo wa kuhifadhi mambo mapya huweza kuharibika kabisa. Anayekunywa kila siku bila kula vizuri, iwe ni bia au chang'aa, yumo hatarini.

Sigara huiziba mishipa. Kwa anayevuta, habari njema ni kwamba kuacha kunafaa hata kama umekwisha kufika miaka 60.

Kuumia kichwa nako kumo katika orodha. Kwa miji yetu yenye bodaboda nyingi, helmeti si ya kumwogopa askari wa trafiki. Ni ya kulinda kumbukumbu utakazozihitaji miaka 30 ijayo.

UPWEKE NDANI YA GHOROFA

Kuna jambo linalotendeka sana mijini kwa nia njema. Baba anafariki mashambani, na watoto wanaamua kumleta mama Nairobi au Mombasa ili wamtunze. Mama aliyekuwa akilima, akienda kanisani au msikitini, akikutana na wenzake wa chama na kuamua kesi za majirani, sasa anaketi katika ghorofa ya tatu na runinga. Asubuhi watoto wanakwenda kazini, wajukuu shuleni. Hajui jina la jirani hata mmoja. Baada ya miezi sita, anaanza kusahau.

Upweke ni mojawapo ya mambo 14. Vilevile huzuni nzito, ile inayomfanya mtu apoteze hamu ya chakula na ya maisha. Huzuni hiyo ni ugonjwa unaotibika, wala si kudeka.

Ikiwa unaishi na mzazi, mpe kazi anayoiweza. Aende sokoni na mtu, achambue mboga, awasimulie wajukuu hadithi, aimbe kwaya, acheze bao. Mkumbushe simu ya dada yake. Na wewe unayekaribia kustaafu, anza sasa kujitafutia shughuli na marafiki nje ya ofisi. Kujifunza jambo jipya, iwe lugha, ufundi au ufugaji, huupa ubongo akiba ya kukabiliana na ugonjwa. Ndiyo maana elimu ya utotoni nayo imo katika orodha ya tume hiyo.

USAHAULIFU UNAOTIBIKA

Kabla ya kusema mzee ana dimenshia, daktari ni lazima apime mambo mengine. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuleta usahaulifu, na huwapata baadhi ya wazee wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, na baadhi ya wagonjwa wa kisukari waliotumia dawa ya metformini kwa miaka mingi. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa uvivu, akili nayo hulegea. Kaswende ya muda mrefu na virusi vya HIV visivyotibiwa huweza kuathiri ubongo. Mzee aliyeanguka na kugonga kichwa huweza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu na kuanza kuchanganyikiwa wiki kadhaa baadaye. Huyo huweza kusaidiwa kwa upasuaji.

Dawa pia huleta usahaulifu. Dawa za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazomletea mtu usingizi, huwachanganya wazee kuliko vijana. Unapompeleka mzee hospitali, tia dawa zake zote katika mfuko, pamoja na zile alizojinunulia na za miti shamba, daktari azione.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa muda wa saa au siku chache, usingoje. Yaweza kuwa ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi. Mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

SI MCHAWI

Mgonjwa wa kusahau huweza kutoka nje usiku wa manane, akaingia boma la watu akidhani ni kwake, akazungumza peke yake au akaonekana bila nguo. Katika jamii zetu nyingi watu hudhani huo ni uchawi. Hatari hiyo si ya kubuni. Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, wakishukiwa kuwa wachawi. Katika Kaunti ya Kilifi, wazee wengi wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma kama hizo. Anayewaeleza majirani mapema kwamba mama yake ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina, huenda akauokoa uhai wake.

Hadi sasa hakuna dawa inayoponya Alzheimer, lakini yapo mengi ya kumpunguzia mgonjwa na jamaa zake taabu. Usibishane naye. Akisema anakwenda kumwona mamake aliyefariki zamani, mwulize habari za mamake, muongee. Msiibadilishe nyumba ovyo. Chakula na kulala viwe kwa saa zile zile. Mwandikieni namba ya simu ya nyumbani katika kitambulisho cha kuvaa. Tena anayemtunza naye apumzishwe. Mzigo huo usiachiwe binti mmoja kwa sababu tu hajaolewa. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya huzikutanisha familia zenye wagonjwa ili zisaidiane kwa mawaidha.

Kwa wewe uliye mzima, wiki hii nenda kapimwe presha na sukari. Na ikiwa mzazi wako yuko karibu, nenda naye, mpimwe pamoja. Akiuliza swali lile lile mara tatu njiani, usimkemee. Mjibu, kisha mweleze daktari.